Mazishi Yasiyo na Mtani

"Maiti haitoki!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na nimesikia wapo waliogombana na muuza magazeti wakidhani ukurasa umechanwa. Haukuchanwa. Sauti ile ilitoka mlangoni mwa ukumbi wa parokia, mjini Songea, Jumapili baada ya misa ya pili, na aliyeitoa alikuwa pande la mtu lililovaa aproni ya bucha na kujipaka majivu usoni.

Rupert! Mhehe wa Iringa, mwenye bucha kule sokoni, mtu ambaye hata akisali kimyakimya kanisani, wa benchi la nyuma wanasikia dhambi zake.

Akapita katikati ya mabenchi, watu wakikunja miguu. Akafika mbele, akalala chali sakafuni, chini ya meza yenye televisheni.

"Nimesema haitoki. Mnamzika Mngoni, Mhehe hajaitwa? Tangu lini?"

Ekaristia, mwenye picha, alisimama.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Ekaristia alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi wa tumbaku wakaja na mizani zao, chama kikaanza kupumulia mdomoni, na makarani wakaambiwa asanteni kwa kazi nzuri. Badala ya kukaa kulia, dada huyu na binamu yake Fulgence, mpiga video za harusi, wakatengeneza picha.

Picha yenyewe, "Mfuko Umetoboka", haina ngumi, haina bastola, haina hata kijana na msichana wa kuimba bustanini. Ni habari ya mhasibu wa chama cha akiba aliyejua kuwa kasha la fedha ni tupu, akanyamaza, akafa na siri yake. Ufunguo wa kasha uko mfukoni mwa koti atakalozikwa nalo. Kesho wanachama wanakuja kuchukua akiba zao. Binti wa marehemu anajua kila kitu, na binti huyo, yaani stelingi wa picha, ni Ekaristia mwenyewe. Je, atasema? Au ataacha baba azikwe na heshima yake?

Basi Rupert alikatiza hapohapo, mfuniko wa jeneza ukiwa unainuliwa.

Fulgence, kwa woga, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Wenye deki za video mnaijua hali ile: picha inaganda huku inatetemeka kama ina homa. Nayo iliganda kwenye uso wa marehemu, amelala jenezani, pamba puani.

"Mzee Rupert, shikamoo," Ekaristia alisema.

"Marahaba. Kuku wangu wa utani yuko wapi?"

"Mzee wangu, hii ni picha. Hakuna aliyekufa."

"Jeneza lile ni la mbao au la karatasi?"

"La mbao, lakini..."

"Padri yupo?"

"Yupo, ila ni mwalimu wa kwaya tumemvika..."

"Wanawake wanalia hawalii?"

"Wanalia."

"Basi huo ni msiba, na msiba wa Mngoni hauna adabu bila Mhehe. Babu zenu na babu zetu walichinjana weee mpaka wakachoka, ndipo wakaweka utani. Nani aliyeufuta? Serikali imeruhusu kila kitu siku hizi, hata mitumba, lakini hilo sijalisikia redioni."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kisha likatokea jambo ambalo Ekaristia hakulitarajia. Mama mmoja mwenye kitenge cha Legio Maria, chama cha sala, alisimama nyuma, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Mzee wa bucha ana haki! Tangu picha ianze najiuliza, mbona msiba huu umepooza? Watani hawamo!"

"Ana haki! Ana haki!"

Masikini Ekaristia. Alikuwa ameandika kila neno la picha ile kwa mkono wake, akafuta, akaandika tena. Alikumbuka kasha, mizani, ufunguo, mpaka kikombe cha chai cha mhasibu. Watani akawasahau! Mngoni, tena wa Namtumbo, anamzika Mngoni mwenzake bila mtani hata mmoja. Ni sawa na kupika ugali ukasahau unga.

Aibu ile ingekuwa ndogo kama asingekuwapo mtu mmoja kwenye benchi la mbele.

Mtu huyo aliitwa Bwana Majaliwa, mwamuzi kutoka Dar es Salaam, amevaa suti ya kaunda na miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Mikoa yote ya kusini ilitakiwa kutoa picha moja tu ya kushindania tuzo kule Dar, na yeye ndiye mchaguzi. Asubuhi alipofika alimwambia Ekaristia bila kumung'unya maneno, "Dada, picha za mahesabu zimenichosha. Watu wanasinzia. Nitakaa, lakini ukumbi ukianza kupwaya, na mimi nanyanyuka."

Na Ekaristia hakuwa na pa kurudi, ila mahali pamoja tu. Baba yake, Mzee Urbani wa Namtumbo, alishampa neno lake tangu masika. "Picha yako ikienda Dar, sitakuuliza tena. Isipokwenda, unarudi nyumbani kwenye tumbaku. Jembe nitalitia mpini mimi mwenyewe."

Mzee Urbani akisema jembe, ujue mpini umeshachongwa.

Sasa sogea nikunong'oneze, maana hili ndilo lililokuwa likimkosesha dada usingizi. Ule uso uliogandia kwenye televisheni, wenye pamba puani, ulikuwa wa nani?

Wa Mzee Urbani! Na yeye mwenyewe hajui!

Siku moja alikuja kumtembelea binti yake Mjimwema, akala ugali na nyama ya nguruwe, akashushia na pombe ya ulanzi, akalala chali mkekani, mdomo wazi. Ekaristia alikuwa ametafuta maiti wiki nzima. Kila mzee aliyemwomba alijibu kwamba kifo hakijaribiwi. Akamtazama baba, akamtazama Fulgence. Fulgence akaenda kuchukua kamera. Uso ukapigwa pale mkekani, na ndani ya jeneza la kweli, waliloazima kwa fundi seremala, wakalaza gunia la mahindi lililovishwa koti. Ukiangalia picha huwezi kujua mzee anaishia wapi na mahindi yanaanzia wapi.

Turudi ukumbini. Bwana Majaliwa alikunja miwani yake, akaitia mfukoni, akasimama.

"Bwana Majaliwa, tafadhali," Ekaristia alimkimbilia. "Dakika chache tu. Tutamtafutia kuku wake, picha iendelee. Bado kidogo binti aseme!"

"Dada yangu, nimeona kiasi changu."

"Namtumbo ilijaza ghala zima la tumbaku! Wakulima walilia, mwamuzi. Walisema ndiyo yaliyowapata wao na chama chao. Peramiho waliirudia!"

"Namtumbo sikuwepo. Nipo hapa, na hapa naona mwenye bucha amelala chini ya televisheni. Kwa jirani yako kule kwenye karate, umewahi kusikia mtu anakatiza?"

Neno hilo lilimchoma kweli. Jirani huyo alikuwa Bakili, mwenye kibanda cha video ng'ambo ya barabara, ambaye kila Jumapili huweka spika nje ili mji mzima usikie mateke. Wiki nzima alikuwa akiwatangazia watu kwamba kwa Ekaristia wataoneshwa watu wazima wakijumlisha na kutoa.

Mwamuzi akaelekea mlangoni. Ekaristia nyuma yake, anaomba, machozi yameshafika kwenye kope. Alijiona tayari yuko shambani, mgongo juani, mikono inanata utomvu wa tumbaku. Hakuchukia shamba, tusimsingizie. Alilelewa nalo. Lakini alikuwa na mambo ya kusema kichwani, na tumbaku haisikilizi.

Bwana Majaliwa akashika pazia la gunia lililozuia mwanga mlangoni, akalivuta.

Akakutana uso kwa uso na marehemu.

"Yesu na Maria!" ukumbi ulipiga yowe.

Mwamuzi mwenyewe, ambaye ni Myao na Mwislamu safi, alimtaja Mola kwa majina yote aliyofundishwa madrasa, akarudi kinyumenyume mpaka mapajani mwa yule mama wa Legio. Watoto waliruka madirishani, na mablanketi yaliyozuia mwanga yakaanguka nao. Mwalimu wa kwaya, yule padri wa picha, alionekana anakimbilia kwa padri wa kweli.

Mzee Urbani alisimama palepale mlangoni, mzima kama mimi na wewe, vumbi la lori la tumbaku limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mkononi ameshika jembe. Mpini mpya, mweupe.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Wote waligeuka kutazama televisheni.

Naye akatazama.

"Huyo ni mimi," alisema taratibu.

"Shikamoo, baba," Ekaristia alisema.

"Usiniamkie. Maiti haiamkiwi. Nauliza, huyo si mimi?"

"Ni wewe, baba. Lakini kwenye picha tu."

"Na hiyo iliyo puani?"

"Pamba, baba."

Mzee akajipapasa pua. Kisha akamwaga yote, ukumbi wote ukisikiliza. Kumbe alikuwa amekwenda Nakapanya kumwona dada yake. Huku nyuma picha ikaoneshwa Namtumbo. Waliochelewa kuingia ghalani waliona jeneza tu na uso wake, wakatoka mbio kutangaza. Mzee anarudi kutoka Nakapanya, anakuta uani kwake watu wamekaa mikekani, sufuria ziko motoni, shemeji zake wanagombania koti lake.

"Mbuzi wangu wamemla!" alisema, sauti inapanda. "Beberu langu! Nimekula matanga yangu mwenyewe, Ekaristia! Mke wa kaka yangu kaniona akazimia juu ya ungo wa mchele! Na wewe uko hapa unaniuza kwa tiketi!"

"Baba, nisamehe. Ulikuwa umelala, nikaona..."

"Ukaona nimekufa! Basi na picha imekufa. Chukua mizigo yako. Lori linarudi Namtumbo sasa hivi."

Akamshika mkono. Ekaristia hakubisha. Angebisha nini? Baba ni baba, na kosa ni lake. Mwamuzi alikuwa bado anatafuta miwani yake chini ya benchi. Fulgence, kichwa chini, alinyoosha kidole kuutoa mkanda ndani ya deki. Baba na binti wakapiga hatua kuuendea mlango.

"Maiti haitoki!"

Mmemsahau, eeh? Na mimi nilikuwa nimemsahau.

Rupert alinyanyuka kutoka chini ya meza, majivu yanamdondoka, akawapita, akatandaza mikono mlangoni, mpana kama bucha nzima.

"Nipishe," alisema Mzee Urbani.

"Haitoki. Jamani mashahidi mpo? Nimeacha ng'ombe wangu ananing'inia bila kukatwa, nimekuja msibani, nimenyimwa kuku. Sasa Mungu si Athumani, maiti yenyewe imekuja na miguu yake kunilipa! Wangoni nyinyi, hata kufa hamjui. Mtu anakufa, anakwenda Nakapanya, anarudi amepanda lori!"

Vicheko vilipasua paa. Mzee Urbani alifura.

"Wewe Mhehe, mla mbwa, nitakupiga na jembe hili!"

"Hilohilo!" Rupert alidaka. "Hilohilo ndilo langu!"

Na kabla mzee hajakaza vidole, mpini mpya mweupe ulikuwa mikononi mwa mwenye bucha.

Kila aliyekuwa mle alijua sheria, nasi tuliokulia huku tunaijua. Alichochukua mtani msibani kimekwenda. Hudai, hununi, hushitaki. Ukitaka kukikomboa, unasubiri mpaka mtani afiwe, nawe ukachukue cha kwake. Mngoni anayemkasirikia mtani mbele ya jeneza, wajukuu zake wataimbiwa aibu hiyo.

Mzee Urbani aliyajua hayo kuliko wote. Alimtazama Rupert. Akalitazama jembe lililochongwa kwa siku zile zote za hasira. Akautazama ukumbi wa Wangoni wenzake wakimsubiri. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, akaubana, ukamshinda. Kicheko kilimtoka kwa kishindo mpaka akashikilia ukuta.

"Mhehe mwizi!" alisema akifuta macho. "Wamenilia mbuzi, na jembe umechukua. Mimi nimebaki na nini?"

"Umebaki na mazishi," alijibu Rupert. "Kaa uyaone. Si kila mtu anapata bahati hiyo."

Mzee akasogezwa benchi la mbele. Akavua kofia.

"Washeni," alisema. "Nataka nione huyu binti atanililia vipi."

Fulgence aliachia kitufe. Wakati huo mlango ulikuwa umeziba, maana mayowe yale yalivuka barabara, na watazamaji wa karate walikuwa wamemwachia Bakili mateke yake. Walisimama kwenye kuta, walikaa madirishani, walibebana mabegani. Bakili mwenyewe alikuja kulalamika kuwa ameibiwa wateja, akaona hawezi kupita, akapanda dirishani naye.

Kwenye televisheni, binti aliinama juu ya jeneza. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye shavu la baba yake, akakiacha hapo kitambo.

"Baba," alisema, "ulinyamaza ili sisi tulale usingizi. Leo umelala wewe, na mimi ndiye niliyeamka. Nisamehe. Nawaambia."

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo, akauinua waombolezaji wote wauone.

"Kasha ni tupu."

Mle ukumbini walikuwamo watu waliosimama kwenye foleni za chama chao mpaka jua likazama, wakaambiwa njooni wiki ijayo. Mzee mmoja wa Mjimwema aliinama akaushika uso wake kwa mikono miwili. Mama wa Legio alilia waziwazi. Picha ikaisha, michirizi ikajaa kioo, na hakuna aliyenyanyuka.

Mzee Urbani alikuwa anaizungusha kofia yake magotini.

"Ulilia vile," alimuuliza binti yake kwa sauti ndogo, "na mimi nilikuwa nimelala tu?"

"Ulikuwa unakoroma, baba. Fulgence alilazimika kuifuta sauti."

"Na ulilia kweli?"

"Kweli. Nilikutazama, nikaona siku moja itakuwa hivyo."

Mzee aliivaa kofia, akaivua tena, akamkalisha binti yake karibu naye kwenye benchi.

Hapo Bwana Majaliwa akasimama. Alikuwa amepata miwani, kioo kimoja kimepasuka.

"Dada Ekaristia, mimi ni mtu wa Tunduru," alisema. "Kwetu pia mtani hakosi msibani. Tangu mwanzo picha hii niliona imekosa chumvi, nisijue chumvi gani. Sasa nimeonjeshwa." Akamwonesha Rupert kwa kidole. "Mkanda huu naondoka nao Dar kwa basi la asubuhi."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Ekaristia alishika kifua.

"Ngojeni! Sijamaliza. Naondoka nao kwa sharti moja. Mazishi yarudiwe leo, jua likiwapo. Mtani awemo, majivu na matusi yake yote. Na ndani ya jeneza sitaki mahindi. Namtaka mzee huyu, mzima, anasikia kila anachoambiwa, halafu ajizuie kucheka. Mkishindwa, naondoka mikono mitupu."

Mamia ya macho yakamgeukia Mzee Urbani. Ekaristia hakuthubutu kumwangalia. Mzee ambaye alikuwa ameombolezwa nyumbani kwake mwenyewe juzi, aambiwe aingie jenezani kwa hiari yake, mbele ya Songea nzima!

Mzee alikung'uta vumbi la magoti. Akasimama.

"Jeneza liko wapi?" aliuliza.

Vigelegele vikaanza upya, lakini Fulgence hakupiga. Alikuwa amesimama karibu na deki, anaramba midomo.

"Fulgence," Ekaristia alisema. "Jeneza liko wapi?"

"Dada... tulimrudishia fundi. Jana amemuuzia mtu."

"Tukaliazime kwa huyo mtu!"

"Haliazimiki. Limeshakwenda na mwenyewe."

Ekaristia alichungulia dirishani, kwenye pembe ambayo Bakili alikuwa hajaiziba. Jua lilikuwa limekwisha kuegemea magharibi. Jumapili, mafundi wote wamefunga, na Songea nzima hakuna anayeweka jeneza la akiba uvunguni.

"Msinitazame mimi," alisema Rupert, akiweka jembe begani. "Kaburi nitachimba, jembe ninalo. Jeneza tafuteni nyinyi wafiwa."

Ekaristia alishavua viatu, amevikamata mkononi, anakata mbio kuelekea Mjimwema kugonga milango ya mafundi seremala majumbani kwao, na aliyekuwa karibu naye kabisa kwa mbio, kofia mkononi, alikuwa marehemu mwenyewe.